Mama Mkwe Anataka Nikiri Dhambi Ili Kobe Atage

Shangazi Judica,

Shikamoo. Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba usinicheke, maana nimeshachekwa vya kutosha hapa Miembeni, na aliyebaki hajanicheka ni kobe mwenyewe, naye ni kwa sababu anaumwa.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mume wangu ni Dastan, mfanyabiashara wa mchele, mtu wa kwenda Ngenge kununua mpunga na kurudi, na tuna kobe tuliyeachiwa na marehemu baba mkwe, Ta Alexander, ambaye alimfuga miaka mingi kwenye kibanja chake cha migomba huko Buganguzi akimlisha maganda ya ndizi na maua ya maboga, na kibali chake cha maliasili alikitia fremu akakitundika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria, na alipokaribia kufa alimwita Dastan akamkabidhi kobe kabla hajamkabidhi hata shamba, kwa hiyo huyo kobe kwetu si mnyama, ni nusu ya marehemu. Jina lake ni Mwenyekiti. Marehemu alimwita hivyo kwa kuwa ukimwendea na shida yako anaingiza kichwa ndani mpaka uondoke.

Sasa Shangazi, mwaka huu Agnetha wetu alipata komunyo ya kwanza, na Dastan akasema yeye hawezi kupokea wageni kwenye vumbi, akaleta mafundi wakamwaga zege uwanja mzima, kuanzia getini mpaka nyuma ya jiko, mpaka pale nilipokuwa na tuta langu la mchicha ambapo Mwenyekiti alizoea kujifukia, nami sikusema neno kwa sababu uwanja ulipendeza kweli na wageni waliusifia kuliko hata pilau yangu. Sherehe haijapoa vizuri, Mwenyekiti akaanza vituko. Akagoma kula. Akawa anazunguka ukuta mchana kutwa, akifika mahali anasimama, anakwaruza sakafu kwa miguu ya nyuma, kwaru kwaru, anaacha, anakwenda kukwaruza kwingine, mpaka kucha zikavuja damu. Dastan akasema kobe akiinama ujue anatunga sheria, na huyu ni mwenyekiti, basi mwacheni atunge.

Mimi nikadhani amefunga choo. Nikampa papai, akaligeuzia mgongo. Nikampa mafuta ya nyonyo kwa kijiko, akanitemea. Nilipoona sasa anajikamua kama mtu aliye chooni na hakuna kinachotoka, nikamwita daktari wa mifugo, Dokta Lwakatare, yule anayetibu ng'ombe na mbwa wa watu, akaja, akamwinua, akapenyeza kidole taratibu pale mbele ya mguu wa nyuma, akapapasa, akapapasa tena, akaenda kunawa mikono, akarudi akatuambia kuwa Mwenyekiti wetu ni jike na amejaa mayai ambayo yamegoma kushuka.

Dastan ilibidi akae chini. Marehemu baba yake alikuwa akimsalimia huyo kobe kama mwanaume mwenzake kila asubuhi. Daktari akasema apelekwe akapigwe picha ya eksirei ili mayai yaonekane yamekaaje, kisha ndipo ajue kama ni ya kuchoma sindano au ya kupasua, na yeye angetutafutia mahali. Dastan akakataa. Alisema hawezi kuonekana na wateja wake amekaa foleni ya picha amempakata kobe mjamzito. Daktari akasema basi msikawie kuamua, akaondoka. Dastan akampigia simu mama yake, na hapo ndipo balaa langu lilipoanza.

Mama mkwe wangu, Ma Benigna, alifika kesho yake kutoka Buganguzi na kifurushi cha majani, na swali lake la kwanza lilikuwa mimba ni ya nani, kwa sababu Miembeni yote hakuna kobe mwingine, na kiumbe hakishiki mimba na ukuta. Akasema basi nyumba hii kuna jambo. Akatueleza kwamba zamani kwao uzazi ukikwama, wazee wa kike walimkalisha mwanamke wakamwambia ataje anachokificha, maana mtoto aliye tumboni anasikia siri na anagoma kutoka, na mficha uchi hazai. Kobe hana mdomo wa kutaja, kwa hiyo wanaomlisha ndio wamtajie.

Basi tukatandika nyasi sebuleni kama kwa wazee, mapazia yakavutwa, Agnetha akapelekwa kwa jirani. Ma Benigna akachemsha yale majani yake, akayapooza mpaka yakawa vuguvugu, akamkalisha Mwenyekiti ndani ya beseni muda mrefu, mpaka akanyoosha shingo kwa raha, kisha akamweka juu ya nyasi akamfunika kanga kiunoni. Tukapewa kila mtu kahawa ya kutafuna, kama watu wanaokula yamini, na ukishatafuna unaweka mkono juu ya gamba unasema. Mama mkwe akaanza mwenyewe. Alikiri kwamba lubisi, ile pombe yake ya ndizi, anayopeleka kwenye sherehe za jumuiya huwa anaitia maji. Kobe kimya. Ikafika zamu ya Dastan. Akatafuna ile kahawa muda mrefu kama anatafuna kiatu, akaweka mkono, akaangalia gamba, akasema si kila safari ya Ngenge ilikuwa ya mchele, kuna mama mmoja kule, na jambo hilo si la juzi.

Shangazi, nilikuwa nimeshavua kandambili. Kabla sijafika alipokaa, Mwenyekiti akanyanyua mgongo, akatetemeka, na yai likadondoka kwenye nyasi, jeupe, la mviringo.

Ma Benigna alipiga vigelegele mpaka jirani akaitika. Akamkumbatia mwanaye, akasema amefungua njia. Yaani mtu ametoka kutaja mwanamke wake mbele yangu, na anayepongezwa ni yeye, akapewa sahani ya kwanza ya ndizi na samaki, mimi nimesimama na kandambili mkononi sijui nimpige nani. Nikiuliza habari ya Ngenge naambiwa nitamshtua kobe.

Ila lilishuka hilo moja tu, na daktari alisema yamejaa. Hapo wote wawili wakanigeukia. Mimi kweli nikatafuta ndani ya moyo wangu, nikakuta kitu kimoja tu, kwamba zamani niliwahi kumtazama mwalimu wa kwaya kwa jicho ambalo si la kwaya, nikakitaja. Halikushuka yai. Ma Benigna akasema hiyo dhambi haina uzito wa yai. Kisha akasema jambo jingine, tena kwa sauti ya chini kabisa, akasema siku nyingi amejiuliza kwa nini baada ya Agnetha hakufuata mtoto mwingine, na sasa ameanza kuelewa, kwa kuwa tumbo halijifungi bure. Shangazi, nimelilia hilo jambo hospitali na kanisani, na yeye alinishika mkono nikililia. Siku hiyo nililala na maumivu kama ya mtu aliyepigwa.

Dastan naye ananitazama kama mtu aliyekwisha lipa zamu yake. Jana ameniambia, "Mimi langu nimelitoa, mke wangu. Na wewe toa lako, usimuue mzee."

Jumapili baada ya misa tunarudi kwenye nyasi, zamu ni yangu. Mwenyekiti sasa hafungui macho. Naomba uniambie, nizue mwanaume? Nimeshamchagua hata wa kumtaja, ni jamaa mmoja aliyekwisha kufa, hatasumbuliwa na mtu. Nikizua, kobe atapona lakini ndoa yangu itakuwa ya mwanamke mzinzi na mwanaume shujaa. Nikikataa na akafa, nitakuwa nimemuua Ta Alexander mara ya pili, na Buganguzi sitakanyaga tena. Nifanyeje?

Ni mimi nisiye na cha kukiri,
Miembeni, Bukoba.


SHANGAZI JUDICA ANAJIBU

Marahaba, wewe usiye na cha kukiri.

Nimecheka. Uliomba nisicheke, nikajitahidi, nikavuka papai, nikavuka lubisi ya maji, lakini nilipofika kwa mwalimu wa kwaya nilishindwa. Hata hivyo sikumaliza kucheka kabla ya kushika simu na kupiga namba uliyoniandikia chini ya barua, kwa sababu kobe asiyefungua macho hasubiri gazeti litoke. Nilikuambia umtie kwenye boksi lenye kitambaa, umfunike apate joto, umpeleke kwa Dokta Lwakatare saa ile ile, bila kungoja Dastan wala Jumapili. Ukasema ngoja umwulize mume wako. Nikakata simu kwa hasira, nisamehe. Kama mpaka unasoma hapa bado unamwuliza, weka gazeti chini uondoke, utalimalizia kwenye benchi la daktari.

Sasa tuzungumze, na wengine mnaofuga viumbe vya magamba msikilize pia.

Kwanza, usizue mwanaume. Hata huyo marehemu uliyemchagua mwache apumzike. Kobe jike hutaga bila dume, kama wale kuku ambao mayai yao mnayanunua kwa trei dukani. Umewahi kumwuliza kuku wa trei mimba yake ni ya nani? Basi hakuna mwanaume wa kutafutwa, si wa kobe wala wa kwako. Mwenyekiti wenu amefikisha mayai kwa sababu ni jike mzima, na miaka yote aliyokaa kwenye kibanja huenda alikuwa anataga chini ya migomba na kufukia, na marehemu hakujua, anamsalimia tu kama mwanaume mwenzake.

Kilichomfunga umekiandika mwenyewe, mwanangu, ukakipita kama mtu anayepita duka asilo na haja nalo. Ni zege. Kobe hatagi mezani wala sakafuni. Anataka udongo laini, mkavu kiasi, uliopigwa na jua, achimbe shimo kwa miguu ya nyuma, atage, afukie, aondoke zake. Akikosa mahali, anayashikilia. Anashikilia leo, anashikilia kesho, mayai yanazidi kuwa magumu, nguvu zinamwishia, na mwisho anataka kuyatoa hawezi tena. Yule hakuwa anatunga sheria. Alikuwa anaomba udongo, anaomba mpaka kucha zinatoka damu, na nyumba nzima ya watu wazima wanaojua kusoma mmesimama mnamtazama. Na wewe ulikuwa na tuta pale pale. Ulikaa kimya likifukiwa kwa sababu wageni wangesifia. Hilo ndilo kosa pekee nililoliona kwako katika barua yote, na halina mwanaume ndani.

"Mbona yai lilishuka Dastan alipokiri?" Najua utaniuliza. Jogoo anawika na jua linachomoza, lakini hakuna aliyemwona jogoo analivuta kwa kamba. Soma tena barua yako. Mama mkwe alimkalisha kobe kwenye maji vuguvugu muda mrefu, mwili ukalegea, kiu ikatulia. Akamweka kwenye nyasi badala ya zege. Mapazia yamefungwa, giza kidogo, joto, kimya. Kwa mara ya kwanza tangu komunyo ya Agnetha yule mnyama alipata mahali panapofanana na pa kuzalia. Dastan angekuwa anasali Salamu Maria au anataja bei ya mchele, lile yai lingeshuka vile vile. Kwa hiyo mpe Ma Benigna haki yake, ni mkunga mzuri kuliko anavyojijua. Maji yake yalifanya kazi. Maswali yake ndiyo hayakuhitajika.

Nimemwuliza Dokta Lwakatare, akanipa ruhusa niandike. Anasema picha haikwepeki. Kuna sindano ya kuongeza chokaa mwilini, yaani kalsiamu, na kuna sindano ya kusukuma mayai, lakini ya kusukuma haichomwi kwa kubahatisha, maana kama yai ni kubwa kuliko njia au limepasuka ndani, unamsukuma mnyama kwenye kaburi. Ikishindikana anapasuliwa, na wengi hupona. Mkiwa nyumbani, mwogesheni kila siku kwenye maji vuguvugu yasiyofika kidevuni, mkae naye, asizame. Awekwe penye joto. Msimkamue tumbo, msimpake mafuta kule nyuma, msitie kidole kutafuta yai, na hayo mafuta ya nyonyo yarudishe ulikoyatoa. Yai likipasukia ndani linaoza, na hapo hata Dastan akikiri wanawake wa mkoa mzima hakuna litakalosaidia. Akishapona, mpeni majani yenye chokaa na mfupa wa ngisi au gamba la yai la kuku lililosagwa, maana aliyezaa anaishiwa.

Ndiyo, waitu mwanangu, atapigwa picha, na ndiyo, mtu atakaa foleni amempakata. Haya za Dastan ni za ajabu kidogo. Kuonekana na kobe anaona aibu, kwenda Ngenge haoni.

Na huyo Dastan tusimwache hivi hivi. Mwanaume mwenye siri ya siku nyingi alikuwa anatafuta mahali pa kuitua pasipo kupigwa, akapewa giza, mama yake pembeni, na mgonjwa wa kutoshtuliwa. Angepata wapi kanisa zuri kuliko hilo? Umeandika kwamba alikiri akiangalia gamba. Hakukiri kwako. Amemwomba radhi kobe, kobe akampa yai, mama akampa samaki, na wewe hujapewa kitu. Deni lako bado liko palepale na usikubali kuambiwa limeshalipwa kwa yai. Kabla hujarudi naye kitanda kimoja mwende mkapime afya, wote wawili, wiki hii. Hapo nako kuna foleni, lakini mwambie asiogope, hatapakata mtu.

Kuhusu mdogo wake Agnetha ambaye hakuja, pole sana, mwanangu. Hapo sikucheka. Mwanamke aliyekushika mkono ukilia halafu akautumia huo huo mkono kukuchapa, huyo amekuumiza, na una haki ya kumwambia hivyo kwa adabu zote, mkiwa wawili, usoni. Mwambie, "Mama, kwa hili umeniumiza." Usiongeze neno. Nadhani naye anaogopa. Kobe ndiye sauti ya mume wake iliyobaki ndani ya nyumba, na mtu akiogopa kupoteza mara ya pili hutafuta wa kumlaumu aliye karibu. Hilo linaeleza, halisafishi. Na wakati mnapima afya, Dastan apimwe na uzazi pia, kwa sababu katika hadithi yote hii tumbo limeulizwa la kobe, likaulizwa la kwako, na la mzee wa Ngenge hakuna aliyeligusa.

Sasa Jumapili. Msirudi kwenye nyasi. Baada ya misa mpe Dastan sururu, yeye mwenyewe, asilete fundi, avunje zege pale nyuma ya jiko palipokuwa na tuta lako, mpaka udongo uonekane, auchimbue ulainike kufika kiwikoni. Ma Benigna ashike beseni lake, hapo hatabishana, ni kazi anayoiweza. Daktari akiwa amesharuhusu, mweke Mwenyekiti juu ya udongo huo, jua linapiga, kisha ondokeni wote mkafunge mlango. Kwa binadamu mficha uchi hazai, lakini kobe bila kujificha hatagi, hataki shahidi wala vigelegele.

Mkiwa huko ndani mnasubiri, hakuna gamba la kuwekea mkono na hakuna yai la kumwokoa mtu, vuta kiti ukae mbele ya mume wako, umwambie aanze upya habari ya Ngenge, safari hii akikuangalia wewe.